Maoni Yangu, Mheshimiwa Jaji

Mwaka 1996 baba yangu aliombwa maoni kuhusu maisha ya mtu, naye akayatoa akiwa amesimama, kofia mkononi, mbele ya jaji wa Mahakama Kuu. Baba alikuwa mzee wa baraza. Vijana wengi hawalijui jina hilo, maana tangu sheria ibadilishwe mwaka 2022 jaji halazimiki tena kukaa na wazee wa baraza. Zamani kesi ya mauaji haikusikilizwa bila wao. Walikuwa watu wa kawaida: mwalimu, mkulima, mama mwenye duka. Walisikiliza mashahidi wote, waliruhusiwa kuwauliza maswali, na mwisho, jaji akishawasomea muhtasari wa ushahidi, kila mmoja alisimama akasema anavyoona. Jaji hakufungwa na maneno yao, lakini aliyaandika.

Naanza na baba kwa sababu kila mjadala wa adhabu ya kifo hapa Tanzania huishia pale pale: wananchi bado wanaitaka. Nimelisikia redioni, nimelisikia kwenye daladala, nimelisikia kwenye semina za watu waliosoma kunizidi. Linasemwa kama vile kuna siku wananchi waliitwa wakaketi, wakaelezwa, wakajibu. Mimi namjua mwananchi mmoja aliyeketi, akaelezwa, akajibu. Namjua na mwingine aliyejibu bila kuketi. Huyo wa pili ni mimi.

Kesi ya baba ilisikilizwa Iringa mjini. Mshitakiwa alikuwa kijana wa miaka 22 kutoka kijiji cha mbali kidogo, huko kwenye baridi, na marehemu alikuwa baba yake mdogo. Katika masika moja kijana yule alizika watoto wawili, na baada ya mazishi ya wa pili maneno yakaanza. Kwamba mzee haonekani msibani usiku. Kwamba vinyungu vyake, bustani zake za bondeni, vinastawi wakati vya wenzake vinaoza. Akatafutwa mganga, naye mganga hakutaja jina. Alisema tu mtu wa karibu, wa damu. Alfajiri moja mzee akiwa anashuka vinyunguni na jembe begani, kijana akamkata kwa panga.

Baba ananiambia ushahidi uliomfunga kijana ulikuwa tupa. Jirani alieleza mahakamani kwamba jioni ya kuamkia siku ile kijana alikuja kuazima tupa, akakaa pale pale kizingitini akanoa panga lake taratibu, akarudisha tupa, akashukuru. Kwa hiyo hakukuwa na hasira ya ghafla. Alilala na jambo lake, akaamka nalo. Na uchawi katika sheria yetu si utetezi: kuamini kwamba fulani anakuroga hakukupi ruhusa ya kumuua.

Kisha akapanda shahidi mwingine, mwenyekiti wa kitongoji. Mawakili walipomaliza, jaji akawageukia wazee wa baraza kama wana swali. Baba alikuwa nalo.

"Mwenyekiti, ulifahamu kwamba marehemu anatuhumiwa uchawi?"

"Kila mtu alijua."

"Ulifanya nini?"

Baba anasema mwenyekiti aliangalia viatu vyake mpaka jaji akamwambia aketi.

Siku ya maoni wazee wote watatu walisema jambo moja. Baba alisimama wa mwisho: "Mheshimiwa Jaji, kwa maoni yangu mshitakiwa ana hatia ya kuua kwa kukusudia." Jaji alikubaliana nao. Baada ya hapo hawakuwa na kazi tena, kwa sababu mzee wa baraza haulizwi adhabu. Hata jaji mwenyewe hakuwa na uchaguzi. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinasema aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia atahukumiwa kifo, basi. Hakuna nafasi ya kumtazama mtu, umri wake, alikotoka, misiba aliyokwisha kuzika. Jaji akatamka kwamba atanyongwa hadi kufa, kijana akashushwa ngazi kwenda kwenye karandinga.

Nilikuwa darasa la sita. Nakumbuka baba alifika nyumbani giza limeingia, akampa mama posho ya mahakama bila kuihesabu, akasema ana kichwa, akalala bila kula. Mama alituambia tusipige kelele. Sikuambiwa lolote kuhusu kijana yule kwa miaka kumi na mitatu.

Katika miaka hiyo baba alikuwa anasubiri. Leo tunajua kwamba Tanzania haijanyonga mtu tangu 1994. Lakini mwaka 1996 nani alijua? Hakuna aliyetoka akatangaza kwamba kamba imewekwa kando. Sheria ilibaki vile vile, hukumu ziliendelea kutolewa, na hati ya kunyonga ilikuwa jambo la Rais na meza yake. Baba alikaa na redio. Rais Mkapa aliwapunguzia adhabu watu 100 mwaka 2002, wakahamia kifungo cha maisha. Rais Kikwete akafanya hivyo kwa watu 75 mwaka 2006. Mara zote mbili baba alitaka kujua majina. Redio ilisoma idadi.

Sasa nije kwangu.

Mwaka 2009 nilikuwa mwalimu wa ajira mpya Kahama. Wanaoukumbuka wakati ule Kanda ya Ziwa hawahitaji kusimuliwa. Watu wenye ualbino walikuwa wanauawa, wanakatwa viungo, makaburi yao yanafukuliwa. Darasani kwangu, la tatu, kulikuwa na binti mwenye ualbino aliyekuja shule akiwa katikati ya mama na bibi yake, mmoja kila upande, kila siku, na bibi alibaki chini ya mwembe wetu mpaka kengele ya kutoka. Bibi yule alisuka ukindu. Nadhani alimaliza mikeka minne muhula ule. Nilipokuwa namwona pale, mkono unasuka na macho yako barabarani, nilikuwa nasema kwa sauti katika ofisi ya walimu: wanyongwe, tena hadharani. Hakuna mwenzangu aliyenipinga. Mwezi Januari Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikuwa ametamka hadharani kwamba wanaokutwa wakiua albino nao wauawe, na alipotakiwa bungeni kuieleza kauli hiyo, akalia. Na mimi nililia naye. Sikuona kosa lolote katika alichosema.

Mwezi Machi zikaja kura za maoni za siri. Rais Kikwete alikuwa ameagiza wananchi waandike kwenye karatasi majina ya watu wanaowashuku kuhusika na mauaji hayo. Kwetu tulipiga kwenye darasa la nne, tukiingia mmoja mmoja. Nilipewa kipande cha karatasi kilichokatwa kwenye daftari la mistari. Nilikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa ubao wa chini, nikaandika jina.

Niliandika jina la mzee mmoja aliyekuwa akiuza dawa za mizizi mwisho wa mtaa wetu. Sikuwahi kumwona akifanya chochote. Nilimwona akijenga. Alikuwa ameinua nyumba ya matofali ya kuchoma na kuiezeka bati jipya, na mtaa mzima ulikuwa unauliza fedha zimetoka wapi. Ushahidi wangu wote ulikuwa bati lile. Nilikunja karatasi mara mbili, nikaitumbukiza, nikatoka nikijiona nimefanya kitu kwa ajili ya binti yule na bibi yake.

Sijui ni wangapi walioandika jina kama langu. Ninachojua ni kwamba jina lilivuja, maana siri ya kura haikuzuia watu kuulizana wameandika nani. Wiki chache baadaye mzee hakuwepo. Nyumba ilikuwa tupu na mabati yameng'olewa, mbao za paa zimebaki kama mbavu. Watoto walikuwa wanacheza ndani.

Septemba mwaka ule Mahakama Kuu ilikaa Kahama ikawahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino, ndiyo hukumu ya kwanza katika mauaji yale. Mjini kulikuwa na shangwe. Wale walitiwa hatiani kwa ushahidi, si kwa bati, na ninalisema hili kwa uwazi ili mtu asidhani nawatetea wauaji. Siwatetei. Lakini siku ile ya shangwe nilipita kwenye ile nyumba iliyovuliwa mabati, na furaha yangu ikaishia pale.

Desemba nilikwenda nyumbani Iringa. Usiku mmoja, tukiota moto wa mkaa, nikamweleza baba habari ya kura. Nilitegemea atanifariji. Akaniuliza kama nilimwona mzee yule akifanya jambo.

"Hapana, baba. Lakini kila mtu alikuwa anajua."

Baba akainua uso akanitazama kwa muda mrefu. Ndipo nikasimuliwa habari ya kijana, tupa, na mwenyekiti aliyeangalia viatu.

Aliniambia kwamba kwa miaka yote ile jambo lililomnyima usingizi halikuwa hukumu ya hatia. Hatia ilikuwapo, na leo angesema vile vile. Kilichomtesa ni kwamba mle mahakamani alihukumiwa mtu mmoja kwa kazi ya kijiji kizima. Kijiji kilikuwa kimekwisha kumhukumu mzee kifo, visimani, kilabuni, msibani. Kijana alitekeleza. Na kijiji hicho hicho, ungekwenda kukiuliza siku ya kesi, nusu wangesema kijana aachiwe kwa kuwa amewaondolea mchawi, na nusu nyingine wangesema anyongwe haraka. Maoni ya wananchi yapi kati ya hayo ndiyo yaandikwe kwenye sheria?

Swali hilo mahakama zetu zimekwisha kulikabili. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya, akiwa Mahakama Kuu Dodoma, aliamua kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Serikali ikakata rufani. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani, katika shauri linalojulikana kama la Mbushuu, ikakubali jambo zito: kwamba adhabu hii ni ya kikatili, inamdhalilisha na kumvunjia mtu utu wake. Kisha ikasema bado Katiba inairuhusu chini ya ibara ya 30(2), na kwamba kuamua kama adhabu hiyo inahitajika ni juu ya jamii. Naiheshimu mahakama, lakini kila ninaposoma pale moyo unasita. Jamii hiyo ni ipi, na italijibia wapi swali hilo?

Mwaka huo huo, mwezi Juni, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliketi kwa jambo hilo hilo katika shauri la Makwanyane. Waliisoma hukumu yetu ya Mbushuu, wakaitaja. Lakini Rais wa mahakama hiyo, Jaji Arthur Chaskalson, alikubali kwamba huenda raia wengi wa nchi yake wanaitaka adhabu ya kifo, akasema hilo haliiondolei mahakama wajibu wa kuilinda Katiba bila woga. Kama kila haki ingekuwa inategemea wengi wanasemaje, kusingekuwa na haja ya Katiba. Wakaifuta.

Rwanda inanigusa zaidi. Kama kuna umma uliokuwa na sababu ya kudai kamba na risasi, ni ule. Mahakama ya kimbari iliyoundwa mwaka 1994, ikaja kukaa Arusha, haikuwa na adhabu ya kifo, na hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za Rwanda kupiga kura ya kuipinga pale Umoja wa Mataifa. Aprili 1998 Rwanda iliwapiga risasi hadharani watu 22 waliotiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari. Miaka tisa baadaye, 2007, nchi ile ile ikafuta adhabu ya kifo, ikijua kwamba pasipo kufanya hivyo haitaletewa watuhumiwa kutoka Arusha wala kwingineko. Nimewauliza Wanyarwanda wawili niliosoma nao kuhusu hili. Mmoja alisema alikasirika. Mwingine alisema alipumua.

Kenya nayo haijanyonga mtu tangu 1987. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia adhabu zaidi ya watu 4,000 kwa siku moja, na Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika shauri la Muruatetu, ikaamua kwamba jaji hawezi kulazimishwa kutoa kifo kwa kila kesi ya mauaji. Utafiti wa maoni uliotolewa huko mwaka 2022 uliwakuta wanaotaka adhabu ibaki ni asilimia 51. Hiyo ndiyo "wananchi wote" tunayoisikia: nusu na mtu mmoja pembeni. Uganda waliondoa ulazima huo mwaka 2009. Sisi, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapo Arusha, ilituambia Novemba 2019 kwamba kumlazimisha jaji kutoa kifo kunavunja haki ya kuishi.

Na marais wetu? Septemba 2017, akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, Rais Magufuli alisema asipelekewe orodha ya watu wa kunyongwa, kwa kuwa anajua ugumu wake. Huyu alikuwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwita mwoga wa maamuzi. Tazama basi tulivyojipanga. Mwananchi anasema anyongwe, kisha anakwenda zake sokoni. Mbunge anasema wananchi wanataka. Jaji anasema sheria inanilazimisha. Rais anasema msiniletee. Na mtu yuko gereza la Isanga, Dodoma, amevaa nguo za waliohukumiwa kifo, mwaka wa kumi, wa ishirini, akisikiliza hatua za askari koridoni.

Watu huniuliza: angeuawa mwanao je? Ningetaka kuua, bila shaka. Ningeomba nipewe kamba mwenyewe. Ndiyo maana mfiwa hawekwi kuwa mzee wa baraza, na hakuna anayeona ni dharau kwake. Anaachwa alie, wengine wanashika kazi ya kupima. Tunalijua hili vizuri katika misiba yetu: mfiwa hapewi hata kazi ya kuchota maji. Lakini tukifika kwenye adhabu ya kifo, tunataka taifa zima lipime likiwa na macho ya mfiwa.

Na hatupimi tu kwa maneno. Mwaka 2011 nikiishi Mbagala nilimwona fundi redio wetu, mtu mpole aliyewahi kunitengenezea redio bure kwa sababu betri tu ndizo zilizooza, akinipita mbio na tairi bovu la bajaji begani. Kulikuwa na kijana amekamatwa na simu. Gazeti la siku iliyofuata liliandika kama linavyoandika siku zote, "wananchi wenye hasira kali". Asubuhi fundi alikuwa kibandani kwake anachomelea waya, akanisalimia, "Mwalimu, umeamkaje?" Nikaitikia. Pale barabarani walikuwa wamemwaga mchanga, na mama wa vitumbua ameweka jiko lake hatua mbili kutoka hapo kwa sababu ndipo alipozoea.

Fundi angehojiwa na mtafiti, angehesabiwa kama maoni. Mimi wa Kahama ningehesabiwa. Mwenyekiti wa kitongoji angehesabiwa pia. Mimi nataka adhabu hii ifutwe, na kama haifutwi leo basi angalau jaji aachiwe kumtazama mtu aliye mbele yake. Silisemi hili kwa kuwa nawaona wananchi ni wajinga. Nasema kwa kuwa mimi ni mwananchi, na naijua kalamu ilivyokuwa nyepesi mkononi mwangu.

Mwaka jana nilimuuliza baba tena. Yuko na miaka 79 sasa, masikio yamepungua. Nilitaka kujua kama aliwahi kumwona mtu yeyote wa familia ile baada ya kesi. Akanyamaza, nikadhani hakusikia. Kisha akasema ndiyo, siku ile ile, jioni, stendi ya mabasi Iringa. Alikuwa anasubiri gari. Mama wa kijana alikuwa amekaa juu ya furushi, kanga imefungwa kichwani, na kando yake mjane wa marehemu, shemeji yake. Walikuja pamoja kutoka kijijini, walikaa pamoja mahakamani, wanarudi pamoja. Mama yule akamtambua baba. Akajiinua kwa shida, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya wanawake wa kwetu kwa mtu wanayemheshimu, akamsalimia.

"Kamwene."

Baba akaitikia, "Kamwene." Basi likaja, akawasaidia kupandisha furushi.